Volteji kushuka chini ya mzigo: tatizo ambalo amplifaya hulaumiwa bure

Kushuka kwa volteji chini ya mzigo ni pale stima inapokuwa sawa mtambo ukiwa kimya, kisha inapungua muziki unapoanza kupigwa. Soketi ya Kenya hutarajiwa kutoa volti 240. Fundi wa sauti anachomeka multimita asubuhi kabla ya mkutano wa injili kule Kayole, anasoma 238, anaridhika. Saa sita kwaya imepamba moto, besi inanguruma, na pale nyuma ya amplifaya zimebaki 204. Hakuna aliyepima mara ya pili. Amplifaya inajizima, inawaka, inajizima tena. Jumatatu inapelekwa Luthuli Avenue, mtaa wa vifaa vya elektroniki jijini Nairobi, fundi anaiwasha mezani kwake, na inacheza bila tatizo lolote.

Volti hizo hupotelea kwenye waya. Waya wa shaba wa milimita mraba 1.5 una ukinzani wa takriban omu 12 kwa kila kilomita. Ekstensheni ya mita 50 hupitisha umeme kwenda na kurudi, kwa hiyo hesabu mita 100, yaani omu 1.2. Mtambo ukivuta ampea 10, volti 12 hazifiki jukwaani, na wati 120 zinageuka joto ndani ya waya wenyewe. Ndiyo maana ekstensheni ya kuviringisha inayoachwa ikiwa imejiviringa inaweza kuyeyusha plastiki yake. Ukitumia waya wa milimita mraba 2.5, hasara hushuka hadi volti 7 na ushee. Ongeza hapo soketi iliyolegea na nguzo iliyo mbali, na hata hiyo 204 haishangazi.

Amplifaya nzito ya zamani, yenye transfoma, haijizimi kirahisi. Hupungukiwa nguvu tu. Nguvu hufuata mraba wa volteji, hivyo 204 badala ya 240 humaanisha unabaki na kama asilimia 72 ya wati zako. Mchungaji anasema sauti haitoshi, fundi anapandisha mixa, na taa nyekundu ya klipu inaanza kuwaka mfululizo. Hapo mawimbi ya sauti yanakatwa vichwa, na spika ndogo za sauti ya juu ndizo huungua kwanza. Amplifaya nyepesi za kisasa hujitahidi kutoa nguvu ileile, na nyingi huvuta ampea zaidi volteji inaposhuka, jambo linaloishusha volteji zaidi, mpaka kinga ya ndani inakata.

Taa ya ulinzi, ile inayowaka kinga hiyo inapokata, basi haimaanishi kwamba amplifaya imekufa. Inaweza kuwaka kwa sababu ya joto, waya wa spika uliogusana, hitilafu ya ndani, au stima hafifu. Njia ya haraka ya kutenganisha: zima, chomoa spika zote, washa. Taa ikibaki, tatizo limo ndani, ipeleke kwa fundi. Ikizimika, kagua nyaya za spika, na uhesabu umefunga ngapi pamoja, kwa sababu spika nne za omu 8 zilizofungwa sambamba ni omu 2, mzigo ambao amplifaya nyingi haziwezi kuubeba. Ikija tu wakati wa kelele, shuku joto au stima.

Kufuatilia kwenyewe si kazi ngumu. Amplifaya kubwa zenye mlango wa mtandao huonyesha kwenye laptopu volteji inayoingia, joto, na omu za kila upande. Wengine wetu tunatosheka na mita ndogo ya kuchomeka, bora ichomekwe kwenye soketi zilezile za amplifaya, kisha mtu aitazame wimbo mzito ukipigwa. Mita iliyo kwenye meza ya mixa, inayotumia laini nyingine, haikuambii kitu. Na ukisikia mvumo wa chini usiokoma, tafadhali usikate waya wa ardhi ili kuunyamazisha. Mvumo hutoweka, lakini siku hitilafu itakapotokea, umeme utapita kwa mwimbaji aliyeshika maikrofoni.

Jenereta zina shida yao hapa kwetu. Nairobi iko karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, na injini isiyo na turbo hupoteza takriban asilimia 3 hadi 4 ya nguvu kwa kila mita 300. Ile uliyonunua ukiamini kilichoandikwa ubavuni inaweza kukupa pungufu kwa karibu moja ya tano. Ikizidiwa, hupunguza mwendo, na hezi 50 (idadi ya mizunguko ya umeme kwa sekunde) zinashuka pamoja na volteji.

Kuna walioamua kuweka kile kifaa cha kulinda friji. Kinasaidia sana siku waya wa nyutro (ule wa kurudisha umeme) unapokatika na soketi kupanda kuelekea volti 415, ila hungoja dakika kadhaa kabla ya kurudisha umeme, na hakijatengenezwa kubeba mtambo mkubwa. Kwa volteji inayoshuka, heri usogeze amplifaya karibu na chanzo cha stima, na urefu wote uuachie waya wa maikrofoni na mixa, ambao ukiwa wa aina ya balansi (wenye nyaya mbili za sauti zinazofuta kelele) hupita mita 50 bila kudhurika.