Je, wajua kwa nini daktari anaweza kukulaza mara tano mchana mmoja?

Mwulize abiria aliyekuwa akisinzia kwenye daladala mpaka kichwa kikamwangukia jirani. Atakwambia, "Aa, nilifumba macho tu." Basi madaktari wa usingizi hawategemei sana kauli ya mgonjwa.

Miaka ya 1970, Mary Carskadon na William Dement wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, walitafuta njia ya kuupima usingizi kwa saa. Mwenye njaa, mwekee sahani uone ataimaliza upesi kiasi gani. Mwenye usingizi, mpe kitanda, uhesabu dakika.

Usiku wa kwanza unalala maabara, wahakikishe umepata angalau saa sita na kwamba pumzi haikukatika-katika. Saa mbili hivi baada ya kuamka, unaingizwa chumba chenye giza na kuambiwa: tulia, fumba macho, jaribu kulala. Una dakika 20. Zikiisha hujapata hata lepe, unaamka. Ukisinzia, wanakuacha dakika 15 nyingine, kisha wanakuamsha. Zoezi hurudiwa kila baada ya saa mbili, na katikati yake ni marufuku kujinyoosha kitandani wala kunywa kahawa. Wanaodhani ni siku ya starehe hubadili mawazo wakiamshwa mara ya tatu.

Wastani wa dakika 8 au pungufu kabla ya kupitiwa na usingizi ni dalili ya usingizi uliopita kiasi. Lakini hata mlinzi aliyetoka lindo la usiku atalala ndani ya dakika tatu, na si mgonjwa! Ndiyo maana kabla ya kipimo huandikwa saa za kulala na kuamka kwa wiki moja au mbili.

Siri kubwa iko kwenye nyaya zilizobandikwa kichwani, kando ya macho na kidevuni. Usingizi wa ndoto nyingi una alama zake: macho hukimbia-kimbia chini ya kope, na misuli ya kidevu hulegea kabisa. Kwa kawaida usingizi huo huja dakika 90 hivi baada ya kulala. Mwenye narkolepsia, ugonjwa wa kuzidiwa na usingizi mchana, hutumbukia humo ndani ya dakika 15. Usingizi huo ukionekana katika mara mbili au zaidi kati ya zile tano, pamoja na wastani ule mfupi, daktari ana jibu. Kwa wengi wenye ugonjwa huu, seli za ubongo zinazotengeneza oreksini, kemikali inayotuweka macho, zimekufa. Dawa za sonona huuzuia usingizi huu, kwa hiyo daktari huzisimamisha kama wiki mbili kabla, asije akasoma majibu ya dawa badala ya majibu ya mtu.

Kipo pia kipimo pacha, kinachofaa kwa mtu kama dereva: unakaa kwenye mwanga hafifu dakika 40, safari hii ukiambiwa usilale. Kuimba au kujipiga makofi usoni hakuruhusiwi.