Utegemezi wa vyombo vya habari ni nini, na intaneti inaingilia wapi majanga yakitokea

Siku za kawaida habari ni kitu cha kupitia tu, redio inaongea huku we unafanya mambo yako, ukiikosa taarifa wala hujali. Ngoja sasa tetemeko lipige au maradhi mapya yaingie, yule yule aliyekuwa hana habari na habari utamkuta kaganda kwenye simu usiku kucha. Hiyo ndo inaitwa utegemezi wa vyombo vya habari, nadharia ya wasomi wa mawasiliano wa Marekani, Sandra Ball-Rokeach na Melvin DeFleur, ya mwaka 1976, enzi za magazeti na TV. Kifupi wanasema mambo yakivurugika na huna namna ya kujionea mwenyewe, unazidi kuvitegemea vyombo, na ukishavitegemea hivyo vinapata nguvu juu ya unachoamini, unachohisi, hadi unachofanya.

Intaneti imeongeza utamu hapo. Watu wanadhani ukiwa na bando basi redio na TV kwako zimekufa, kumbe janga likitokea wengi wanachanganya vyote, mtu anaona video kwenye grupu, anawasha TV kuhakikisha, halafu anarudi kwenye grupu kubishana.

Kikubwa zaidi, mpokeaji naye anakuwa mtoaji, na ushiriki wa kiraia, yaani raia wenyewe kuchangia mambo ya jamii yao, unaanzia hapo. Kenya, ghasia zilipozuka baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, mabloga na watengeneza programu za kompyuta walitengeneza mfumo wa mtandaoni unaoitwa Ushahidi, mwananchi anatuma ripoti kwa SMS au mtandaoni, inawekwa kwenye ramani watu waone wapi kumechafuka. Haiti ikapigwa na tetemeko Januari 2010, mfumo huohuo ukatumika, watu wakatuma meseji kwenda namba 4636 kwa Kikreoli chao na Wahaiti wanaoishi nje wakakaa kuzitafsiri ili waokoaji wajue nani kakwama wapi. Huko ndo kushiriki, siyo kuskroli masaa sita ukifowadi kila voisi inayoanza na "nimeambiwa na daktari mmoja". Mtu wa hivyo ni mtegemezi tu, tena anawaongezea wenzake hofu.

Na usidhani mtandao ukizimwa watu watatulia. Misri serikali ilizima intaneti karibu nchi nzima Januari 2011, maandamano yakiwa yamepamba moto, na watu wakazidi kujaa barabarani, TV ya Al Jazeera ikiendelea kurusha picha.