Zafarani ya Pampore: yanayosemwa na yalivyo

Pampore ni mji mdogo wa Kashmir, kilomita chache kutoka Srinagar, kando ya mto Jhelum. Kwa wengi wetu tuijuayo zafarani kwa biriani ya harusi au kwa wino wa kuandikia kombe, mji huo ni jina tu kwenye kijikopo, na bei ya kijikopo hicho ndiyo iliyozaa dhana nyingi kuhusu watu wake.

Dhana iliyoenea kuliko zote ni kwamba anayelima kiungo cha bei kubwa namna hiyo lazima awe tajiri. Ukweli ni kwamba bei hiyo inatokana na uchache na jasho. Kila ua hutoa nyuzi nyekundu tatu tu, na kilo moja iliyokauka huhitaji maua 150,000 au zaidi. Maua yenyewe hutoka kwa wiki mbili tatu hivi, kuanzia katikati ya Oktoba hadi mapema Novemba, na hayangoji. Huchumwa alfajiri kabla jua halijakolea, na kwa kuwa hayainuki zaidi ya shubiri moja kutoka ardhini, mchumaji hushinda ameinama, kapu lake likiwa pembeni. Nyumbani, wazee, akina mama na watoto huketi kulizunguka rundo la zambarau, wakichomoa zile nyuzi tatu katika ua baada ya ua hadi vidole vinageuka manjano, na petali zinarundikana nyuma yao. Nyuzi zikishaanikwa, uzito hupungua hadi kubaki kama sehemu moja kwa tano.

Sasa tupige hesabu. Huko ardhi hupimwa kwa kanal, na kanal 20 ni karibu hekta moja. Tuseme familia ina kanal 5, yaani robo hekta. Kwa mavuno ya kilo 2 hadi 4 kwa hekta, mwaka mzima itapata kati ya gramu 500 na kilo moja, na hapo bado hajalipwa kibarua wala dalali hajachukua chake. Ndiyo maana mkulima huyo huyo hupanda mpunga katika mabonde ya mtoni na haradali kwa ajili ya mafuta, hufuga ng'ombe, na mara nyingi ana mtoto aliyeajiriwa ofisini au anayeendesha gari. Zafarani ni fahari ya nyumba, lakini si yenyewe inayojaza chungu kila siku.

Wapo pia wanaouliza mbegu zake zinauzwa wapi. Haziuzwi, kwa sababu mmea huu ni tasa na haujawahi kutegemea mbegu. Huzaliana kwa tunguu lililo ardhini, ambalo binadamu hulifukua, huligawa na kulipanda upya wakati wa kiangazi. Shamba likitelekezwa, zafarani haiwezi kujisambaza kama magugu. Zaidi ya hayo, nungunungu wanayapenda sana matunguu hayo, nao hufika usiku.

Mtu anayeijua Kashmir kwa picha za theluji na maziwa hudhani kwamba maji hayawezi kuwa tatizo huko. Mashamba ya zafarani, hata hivyo, hayako mtoni. Yako juu ya karewa, ambazo ni nyanda zilizoinuka, za udongo laini usiotuamisha maji, mita 1,600 na zaidi kutoka usawa wa bahari. Udongo huo ndio unaoliokoa tunguu lisioze, lakini ndio pia unaolifanya shamba lingojee mvua ya Septemba, na mvua hiyo ikikosekana maua huwa machache. Mwaka 2010 serikali ya India ilianzisha mpango wa kitaifa wa zafarani wenye bajeti ya takriban rupia bilioni 4, uliojumuisha visima na mabomba ya kunyunyizia. Wakulima wengi wamelalamika tangu hapo kwamba mabomba yako shambani ila maji hayatoki. Eneo linalolimwa lilishapungua kabla ya mpango huo, kutoka kama hekta 5,700 katikati ya miaka ya 1990 hadi hekta 3,700 hivi. Wakulima wanataja pia nyumba zinazomeza karewa na vumbi la viwanda vya saruji vya jirani.

Kwamba Kashmir ndiyo inayoongoza duniani si kweli hata kidogo: Iran hutoa karibu asilimia 90 ya zafarani yote. Sifa ya Kashmir ni ukolevu wa rangi, na mwaka 2020 zafarani yake ilisajiliwa India kama bidhaa ya mahali maalumu, ili ya kutoka kwingineko isiuzwe kwa jina lake.

Mwisho ni suala la mnunuzi. Wengi huamini kwamba nzuri ni ile inayotia maji wekundu papo hapo, kumbe hiyo ndiyo ya kushuku: nyuzi halisi hutoa manjano polepole, na zenyewe hubaki nyekundu. Pampore kuna mongra, ambayo ni ncha nyekundu tupu, na lacha, yenye mkia wa manjano. Lacha ni rahisi zaidi kwa kuwa mkia huo hauna rangi ya kutosha, lakini anayeikataa akidhani imechanganywa na takataka anakataa sehemu ya ua lenyewe.