Gari lako mwenyewe nalo huhesabiwa umri

Wakenya wengi wanaorudi nyumbani kutoka Uingereza huamini kwamba gari walilolitumia miaka nenda miaka rudi ni kama sufuria zao tu: litapita bandari ya Mombasa hata likiwa kuukuu. Sivyo.

Msamaha upo, ila ni wa ushuru. Anayerudi kuishi moja kwa moja huruhusiwa gari moja, mradi awe amelimiliki na kulitumia huko nje angalau miezi 12. Siku za melini hazihesabiwi. Umri wa gari ni habari nyingine kabisa. Hapo mwenye kauli ni KEBS, shirika la viwango, na kikomo chake ni miaka 8 tangu usajili wa kwanza. Kinachowaumiza watu hasa ni kalenda: gari lililosajiliwa mara ya kwanza 2017 lilitakiwa liwe limeshafika Kenya kabla ya 2025 kuingia. Kuwa baharini tarehe 31 Desemba hakukusaidii kitu.

Usukani wa kushoto nao ni kikwazo. Anayetoka Marekani huliuza lake hukohuko, kisha anaweza kuombea msamaha gari la usukani wa kulia lisilozidi thamani ya lile aliloliuza. Hilo nalo, miaka 8 ni ileile.