Kuchoma oili chafu si kuirejeleza

Wiki iliyopita nimelisikia tena dai hili. Msimamizi wa karakana moja hapa kaskazini mwa Italia, mtu wa miaka mingi kazini, alinifungulia daftari lake la taka akasema kwa fahari: "Oili yetu yote tunairejeleza." Nikamwuliza inakwenda wapi. Kwenye tanuri la saruji! Dai hilohilo la kurejeleza nimelipata kwa wenye viwanda, kwa wanafunzi wanaokuja maabara kwetu, hata kwa binamu yangu wa Dar anayepaka oili chafu kwenye nguzo kuzuia mchwa. Nimechoka kulijibu mdomoni, kwa hiyo naliandika.

Agizo la taka la Umoja wa Ulaya, 2008/98/EC, limelimaliza jambo hili kwenye kifungu cha 3. Urejelezaji hauhesabu kutoa nishati, wala kutengeneza kitu kitakachotumika kama fueli. Hapo kwenye fueli ndipo watu wanapokwama. Unaweza kuichuja oili chafu, ukaikausha, ukaikeneka hadi ikatoka inang'aa kama dizeli. Maadamu mwisho wake ni kuungua, hujarejeleza. Umefanya kazi halali na pengine yenye faida, lakini iite kwa jina lake. Kwenye makaratasi yetu ya taka kila kazi ina alama yake: kuichoma kwa ajili ya nishati ni R1, na kuisafisha upya ili iwe oili tena ni R9. Anayeziandika kama kitu kimoja anaharibu takwimu za nchi nzima.

Chini ya kosa hilo kuna lingine: kwamba oili huchakaa. Haichakai kama tairi. Viongezi, yaani kemikali zinazotiwa ili ifanye kazi vizuri, ndivyo vinavyokwisha, halafu maji, masizi, petroli na chembe za chuma zinaingia. Sehemu kubwa ya oili yenyewe bado ni nzima. Sisi tunaoisafisha upya tunatoa maji, tunatoa vimiminika vyepesi kama petroli, tunakeneka ndani ya ombwe ili isiungulie mitamboni, tunamalizia kwa hidrojeni. Mashapo yanakwenda kwenye lami. Tani moja ya oili chafu iliyotunzwa vizuri hutoa takriban kilo 600 hadi 700 za oili msingi, yaani oili tupu isiyo na viongezi, na hiyo, ikitiwa viongezi vipya, inarudi kwenye injini.

Iliyotunzwa vizuri, nasema. Kifungu cha 21 cha agizo lilelile kinataka oili chafu ikusanywe peke yake, na oili za aina tofauti zisichanganywe pale ambapo mchanganyiko utazuia kusafishwa. Mafundi wengi wanaona huo ni usumbufu wa makarani. Waje wasimame nami boza linapoingia getini. Naupasha waya wa shaba motoni mpaka mwali ubaki bila rangi, nauchovya kwenye sampuli, naurudisha motoni. Ukiwaka kijani, boza linasimama na sampuli inakwenda maabara, kwa sababu kijani kile kwa kawaida ni klorini, na klorini hula mabomba na kuua vichocheo vyetu. Mara nyingi chanzo ni kidogo mno: mtu alisafisha vipuri kwa kiyeyushi, akamimina mabaki kwenye pipa la oili kwa kuwa ndilo lililokuwa karibu. Oili ya transfoma kuukuu ni mbaya zaidi. PCB, kemikali ya sumu yenye klorini iliyotiwa zamani kwenye transfoma, ikizidi miligramu 50 kwa kilo, chini ya agizo la 96/59/EC hiyo si oili ya kusafishwa tena, ni sumu ya kuteketezwa. Pipa moja la namna hiyo linatosha kuharibu mzigo wa karakana kumi zilizofanya kila kitu sawasawa.

Sheria yenyewe imeyumba. Agizo la kwanza la oili chafu ni la 1975. Marekebisho ya 1987 yakaupa usafishaji upya kipaumbele, na mwaka 1999 Mahakama ya Haki ya Ulaya ikaikuta Ujerumani na hatia ya kutokuutekeleza. Agizo la 2008 likakilegeza kipaumbele hicho, lile la 2018 likakirudisha, kwa sharti kwamba urejelezaji mwingine wenye matokeo sawa au bora kwa mazingira nao unakubalika. Italia husafisha upya karibu oili yote inayokusanywa. Kwingine nyingi bado inaungua.

Na kulegeza kule hakukuwa ujinga. Oili ikichomwa badala ya makaa ya mawe kwenye tanuri la saruji, hesabu ya hewa ukaa inaweza kuonekana nzuri kabisa, na matokeo hubadilika kulingana na unalinganisha na nini. Nimezikagua hesabu hizo zaidi ya mara moja, na siwezi kusema kwamba usafishaji upya hushinda kila mahali. Ninachokataa ni kuchoma kuitwe urejelezaji.

Yule msimamizi nilimwomba anitolee sampuli kwenye pipa lake. Nikaupasha waya, nikauchovya, nikaurudisha motoni. Haukuwaka kijani. Maabara nayo haikuona tatizo. Oili ile inafaa kabisa kukenekwa, na kila mwezi inapelekwa tanurini.