Elinor Ostrom: profesa wa siasa aliyeanza kwa kuwauliza wananchi

Mtu akisema anasomea sayansi ya siasa wengi wanadhani moja kwa moja anautaka ubunge, au atakuja kuchambua uchaguzi kwenye tivii. Sisi tunaofundisha utawala wa umma swali la somo hili lina kazi gani zaidi ya hapo tunalijibu kila mwaka wanafunzi wapya wakiingia, na mfano ninaoupenda mimi ni wa mama mmoja wa Marekani, Profesa Elinor Ostrom, hakuwahi kuwa mbunge wala waziri lakini kazi yake imegusa namna nchi nyingi zinavyopanga mambo ya maji, misitu, samaki, hadi polisi. Mwaka 2009 akapewa Nobel ya uchumi, mwanamke wa kwanza kuipata, na digrii zake zote ni za sayansi ya siasa.

Alizaliwa Los Angeles mwaka 1933. Sekondari alikatishwa tamaa asisome hesabu za juu, enzi hizo binti alionekana hazimhusu, na hilo likaja kumgharimu baadaye maana alipoomba kusoma udaktari wa uchumi pale UCLA, Chuo Kikuu cha California cha Los Angeles, wakamkatalia kwa kuwa hesabu hana. Akahamia sayansi ya siasa, na huko nako kuna walimu walinung'unika eti kwa nini idara inapoteza nafasi kwa wanawake. Alimaliza 1965.

Utafiti wake wa udaktari ulihusu maji ya visima kusini mwa California. Kila mwenye kisima, manispaa, viwanda, wote walikuwa wanavuta maji chini kwa nguvu kiasi kwamba maji ya bahari yakaanza kuingia ardhini na kuharibu visima vya pwani. Hakuna bosi mmoja aliyeamrisha suluhisho. Wavutaji wenyewe waliunda chama, wakapelekana mahakamani wakiwa na lengo la kufika makubaliano ya nani avute kiasi gani, wakatafuta na mamlaka ya kuwasaidia kusukumia maji yasiyo na chumvi ardhini kando ya bahari ili chumvi isipenye. Ostrom alihudhuria vikao vyao, akasoma makabrasha yao, na nadhani hapo ndo aliona kitu ambacho hakikuwa kwenye vitabu vya uchumi wala vya siasa.

Baada ya hapo walihamia Bloomington, Chuo Kikuu cha Indiana, kwa sababu mumewe Vincent, naye msomi wa siasa, ndo aliyepata kazi. Elinor mwenyewe hakuwa na ajira mpaka idara ilipokosa mtu wa kufundisha somo la serikali ya Marekani kwa mwaka wa kwanza, saa moja na nusu asubuhi, Jumamosi ikiwemo. Akakubali, na ndo mlango alioingilia.

Sasa njoo kwenye polisi, sehemu ambayo watu wa utawala wa umma tunaithamini sana na wengine wengi hawaijui kabisa. Miaka ile wataalamu wengi Marekani waliamini idara ndogo ndogo za polisi ni fujo, ziunganishwe ziwe moja kubwa, gharama itashuka na huduma itapanda, na lilisemwa kama jambo ambalo halihitaji ushahidi. Ostrom na wanafunzi wake wakaamua kulipima. Wakachukua mitaa ya ndani ya jiji la Indianapolis wakailinganisha na miji midogo jirani yenye polisi wake, watu wa hali inayofanana, halafu wakapita kwa wananchi wakiuliza: umewahi kufanyiwa uhalifu, ulipiga simu, walichukua muda gani kufika, walikusaidia? Miji midogo ikatoka vizuri zaidi. Kule Chicago walilinganisha jamii mbili za watu weusi maskini, zenye vituo vidogo vya polisi vya kujitegemea, na mitaa kama hiyo ndani ya jiji, wakakuta huduma wanayopata wananchi iko karibu sawa wakati jiji linatumia hela mara 14 zaidi. Ila hakusema kidogo ni kizuri siku zote, soma vizuri hapo: kwa doria na kuitikia simu udogo ulisaidia, lakini maabara ya uchunguzi wa jinai ukubwa unalipa, maana mji mdogo hauwezi kuwa na yake. Kwa hiyo swali siyo kuunganisha au kugawa, swali ni kazi ipi ifanywe ngazi ipi, na hilo linatuhusu moja kwa moja kila tukibishana habari za kugawa wilaya au kupeleka madaraka halmashauri.

Turudi kwenye mali ya wote kama maji na malisho. Mwaka 1968 mwanabiolojia Garrett Hardin aliandika kwamba mali ya wote lazima iishe, kila mmoja ataongeza ng'ombe mpaka malisho yafe, basi ama serikali ichukue ama igawiwe kwa watu binafsi. Ostrom akakusanya mifano ya kweli, malisho ya milimani Uswisi, mifereji ya Valencia Hispania, wavuvi wa pwani ya Uturuki, akatoa kitabu 1990 akionyesha kwamba kuna jamii zimetunza mali hizo kwa mamia ya miaka na nyingine zimeshindwa, na tofauti iko kwenye taratibu zao: mipaka inajulikana, watumiaji wanashiriki kutunga sheria, mlinzi anawajibika kwao, faini inaanzia ndogo, ugomvi unasuluhishwa karibu na kwa bei rahisi, na serikali inaitambua haki yao ya kujipangia.

Nepal ndo inanigusa zaidi. Kulikuwa na skimu za umwagiliaji za wakulima, banio (kizuizi cha kuelekeza maji mferejini) la mawe, matope na miti, kila mafuriko yakija linabomoka, na zingine zimejengewa zege na wafadhili. Ukizipima, za wakulima kwa wastani zilifikisha maji mpaka mwisho wa mfereji vizuri kuliko zile za kisasa. Kwa nini? Banio la matope linahitaji nguvu za wote kulirekebisha, kwa hiyo mkulima wa juu ya mfereji anamhitaji wa chini na lazima amwachie maji. Ukishamwekea zege wa juu hana tena shida na mtu, anachukua yote. Injinia hakukosea hesabu zake, ila hakuuliza watu wanategemeana vipi.

Huku kwetu Tanzania mfano wa karibu ni misitu ya Duru-Haitemba, Babati. Serikali ilikuwa na mpango wa kuifanya hifadhi yake, miti ikawa inakatwa ovyo, mwisho miaka ya 1990 vijiji vinavyoizunguka vikaachiwa viilinde vyenyewe kwa sheria zao na walinzi wao, msitu ukarudi. Sheria ya Misitu ya 2002 ikaja kuweka wazi kabisa kwamba kijiji kinaweza kuwa na msitu wake wa hifadhi. Mtandao wa utafiti wa misitu aliouanzisha Ostrom nao ulifanya kazi na watafiti wa Afrika Mashariki, Makerere wakiwemo.

Ostrom alifariki Juni 2012, hela yake ya Nobel aliipa chuo kiendeleze kituo cha utafiti alichoanzisha na Vincent mwaka 1973.

Sa hivi miradi ya maji vijijini inakuja kwa wingi na jumuiya za watumia maji zinaundwa, nyingine kwa haraka ili karatasi zikamilike tu, na hii inaniuma kwa kweli. Mkutano mkuu wa kijiji kwa kawaida unakaa kila baada ya miezi 3. Nenda ukaulize hapo nani atapanga zamu, anayejiunganishia bila kibali faini yake sh ngapi, mwenye ufunguo wa tenki anawajibika kwa nani na mnaweza kumtoa vipi, na uulize kabla mkandarasi hajashusha mabomba.