Je, wajua kwa nini mguu hufa ganzi? Si damu iliyosimama

Msibani, mkekani, mtu amekunja miguu saa nzima. Anaitwa kwenda kusaidia kubeba sufuria la pilau, anainuka, na mguu wa kushoto haumtii. Anashikilia ukuta. Walio karibu wanatoa jibu palepale: "Damu imesimama hiyo. Uchue, itembee." Hakuna anayebisha. Utaambiwa hivyohivyo kwenye daladala ya Mbagala ukitelemka kutoka kile kiti cha juu ya tairi, na kijiweni Kariakoo kwa wacheza drafti.

Jibu hilo limekaa vizuri mdomoni, lakini mguu uliokufa ganzi kwa kawaida una damu yake. Siku nyingine ukikupata, kabla hujauchua, weka vidole viwili juu ya wayo, kwenye mstari unaotoka katikati ya kidole gumba na kidole cha pili. Utasikia mapigo. (Wapo watu wazima wa afya ambao mapigo hayashikiki hapo, hao wajaribu nyuma ya kifundo, upande wa ndani.) Gusa ngozi kwa mkono: ina joto. Itazame: rangi ni ileile. Mguu uliokatika damu kwelikweli hupauka, hupoa na kuuma vibaya sana, na mwenye nao hasubiri achuliwe na shemeji, anakimbizwa hospitali.

Ushahidi wa pili unanishawishi zaidi, nao ni ramani. Ukiegemeza kiwiko dirishani kutoka Posta hadi Mwenge, ganzi huingia kidole kidogo na nusu ya kidole cha pete. Nusu! Upande mmoja wa kidole umekufa, upande wa pili mzima. Damu ingekuwa imezibwa kiwikoni, vidole vyote vitano vingepata habari. Mpaka huo unaopita katikati ya kidole ni mpaka wa neva, yaani mshipa wa fahamu unaopeleka ujumbe kwenye ubongo, iitwayo alna, ambayo hupita nyuma ya kiwiko karibu kabisa na ngozi, palepale unapojigonga ukasikia kama umepigwa shoti. Miguu nayo ina ramani yake. Anayekaa kitini akapachika goti juu ya goti hubana neva ya peroneali, ambayo huzunguka kichwa cha ule mfupa mwembamba chini kidogo ya goti, upande wa nje. Ganzi yake hushuka upande wa nje wa muundi hadi juu ya wayo, na unyayo mara nyingi husalimika. Aliyekalia mguu mkekani anabana sehemu nyingine, na ganzi yake inakuwa na umbo lingine. Daktari mzoefu akikuuliza ganzi inaishia wapi hasa, anatafuta jina la neva.

Hata hivyo watu wa msibani hawajakosea kabisa, na hapa ndipo mambo yanaponoga. Mwaka 1931 huko London, Thomas Lewis na wenzake Pickering na Rothschild walichapisha majaribio ya kufunga mkono kwa mkanda unaojazwa hewa, kama ule wa kupimia presha, hadi damu isipite. Ganzi ilianza kwenye ncha za vidole ikapanda kidogokidogo kuelekea juu. Walihitimisha kwamba kinachonyamazisha mkono ni kukosa damu kwa neva yenyewe, pale ilipobanwa. Neva ni kiungo hai. Ina vijimshipa vyake vya damu, vyembamba mno, vinavyotambaa ndani na juu yake, na ukiikalia unavibana hivyo hata kama mshipa mkubwa wa mguu unaendelea kupitisha damu bila shida. Kwa hiyo damu imepungua kweli, ila ndani ya kamba ambayo hata pale ilipo nene kuliko zote mwilini, kwenye neva ya siatiki nyuma ya paja, haizidi sana unene wa kidole.

Niseme mapema: majaribio mengi ya aina hii yalifanywa kwa mikanda ya mikononi, si kwa watu waliokaa mkekani. Kuhamisha matokeo kutoka kwenye mkanda kwenda kwenye paja lililokaliwa ni hoja ya busara, lakini ni hoja.

Kwa nini neva ikose kuvumilia hata nusu saa? Chukua dau la mbao linalotoka Kunduchi kwenda kuvua. Hata fundi awe hodari namna gani wa kutia kalafati, dau linavuja. Maji yanakusanyika chini kwenye ngama, na kuna kijana ambaye kazi yake ni kuyafua kwa kopo, safari nzima. Dau halielei kwa sababu halivuji. Linaelea kwa sababu kijana hachoki.

Seli ya neva inaishi hivyo. Nje yake kuna sodiamu nyingi, ndani kidogo. Ndani kuna potasiamu nyingi, nje kidogo. Tofauti hiyo huipa seli chaji ya umeme, nayo ndiyo inayoiwezesha kupitisha ujumbe, maana kila ujumbe ni milango midogo inayofunguka kwa zamu ili sodiamu iingie. Lakini sodiamu hupenya hata pasipo na ujumbe. Basi kwenye ukuta wa seli kuna pampu zinazoitoa usiku na mchana: sodiamu tatu nje, potasiamu mbili ndani, na kila mzunguko unagharimu nishati. Nishati inahitaji oksijeni na sukari, navyo vinaletwa na damu.

Mnyime kijana chakula na pumzi. Dau halizami dakika hiyohiyo, ndiyo maana unakaa raha mwanzoni. Maji yanapanda polepole, dau linakuwa zito, linaacha kutii usukani. Kwenye neva, chaji inashuka kidogokidogo hadi milango ya sodiamu inakwama na haifunguki tena. Ujumbe unaotoka kidoleni unafika pale ulipokalia, unafia hapo. Kidole ni kizima, ubongo ni mzima, kilichokatika ni njia. Ukiinuka, kijana anapata nguvu na kukuta maji tele, naye anafua kwa kasi kuliko kawaida, kwa sababu pampu hii huongeza mwendo kadiri sodiamu ilivyojaa ndani. Inapitiliza. Kwa muda neva inakuwa na chaji kubwa kuliko ile ya siku zote, kisha inayumba, na katika kuyumba huko inaanza kujirushia ujumbe ambao hakuna aliyeutuma.

Huo ndio mchonyoto, zile sindano zinazokufanya useme "usiniguse, usiniguse!" Hazitoki mguuni. Mwaka 1980 José Ochoa na Erik Torebjörk walichapisha kazi waliyoifanya kwa kuchoma sindano nyembamba ya kunasa umeme moja kwa moja kwenye neva za watu walio macho, wakiwabana kwa mkanda kisha kuwaachia. Watu waliposema wanachonyota, sindano ilinasa mafungu ya ishara zinazofyatuka zenyewe ndani ya neva. Ubongo, kwa kuwa umezoea kwamba uzi fulani huleta habari za kidole gumba, unaamini kidole gumba kinachomwa.

Pampu yenyewe iligunduliwa kwa njia ya ajabu kidogo. Jens Skou, daktari wa Denmark, alikuwa akichunguza jinsi dawa za ganzi, zile za kuchoma kabla ya kushonwa au kung'olewa jino, zinavyofanya kazi. Uchunguzi ukamfikisha kwenye neva za miguu ya kaa. Alizisaga, akapata kimeng'enya kinachovunja nishati pale tu kinapokutana na sodiamu na potasiamu kwa pamoja, nacho ndicho pampu yetu, akachapisha mwaka 1957. Mwaka 1997 alipewa Tuzo ya Nobel ya Kemia. Mtu aliyeanza na ganzi ya hospitali, akapitia miguu ya kaa, akaishia na kiini cha ganzi ya mkekani: sidhani angeweza kuomba fedha za utafiti akiwa na mpango huo.

Na ganzi hizo mbili hazifanani, jambo ambalo watu wengi wamelihisi bila kulitilia maanani. Kwa mtaalamu wa meno, baada ya sindano, maumivu yanatoweka lakini unasikia koleo likivuta na kusukuma. Mkekani ni kinyume: unachopoteza kwanza ni mguso na habari za mguu umekaa vipi, huku ukijifinya kwa nguvu bado unaumia. Herbert Gasser na Joseph Erlanger walilionyesha hili huko Marekani mwaka 1929. Neva ni fungu la nyuzi, na mgandamizo hunyamazisha kwanza nyuzi nene, zilizovikwa ala ya mafuta, zinazobeba mguso kwa kasi ya makumi ya mita kwa sekunde. Kokeini, dawa ya ganzi waliyoitumia, ilianza na nyuzi nyembamba, ambazo hubeba maumivu na joto, na zilizo taratibu kuliko zote hazizidi sana mita moja kwa sekunde. Ndiyo sababu mtu akisimama haraka kwenye mguu uliokufa huteguka kifundo: misuli inaweza kuwa bado na nguvu kiasi, lakini ubongo haujui wayo umekanyaga kwa upande gani.

Ukibana sana na kwa muda mrefu, habari inabadilika. Mwaka 1972 Ochoa, Fowler na Gilliatt walionyesha kwa nyani waliofungwa mkanda wenye nguvu kubwa kwamba ala ya mafuta inasukumwa na kujikunja ndani yake yenyewe, hasa kwenye kingo za mkanda. Hapo si suala la kukosa nishati tena, ni jeraha, na kupona kunaweza kuchukua wiki au miezi. Mlevi aliyelala mkono ukining'inia nyuma ya kiti akaamka kiganja kimeanguka, hakiinuki, ni wa kundi hili. Fundi vigae aliyechuchumaa siku nzima anaweza kuamka akiburuta wayo.

Ipo pia ganzi isiyongoja kukaliwa. Ya kisukari huanza vidoleni, miguu yote miwili, kwa kuwa nyuzi zinazofika huko ni ndefu kuliko zote, takriban mita moja kutoka kiunoni. Bakteria wa ukoma huingia ndani ya seli zinazozifunika nyuzi za neva. Dawa ya kifua kikuu iitwayo isoniazidi hupunguza vitamini B6 mwilini, ndiyo sababu wengi wanaoimeza hupewa na vitamini hiyo.

Hapa Dar es Salaam kisukari kimeleta ushahidi wake wa pekee. Mwaka 2005 daktari Zulfiqarali Abbas na wenzake walichapisha ripoti kuhusu wagonjwa wa kisukari wa Tanzania walioumwa na panya miguuni. Kwa Kiswahili tunajua tangu utoto kwamba panya huuma huku akipuliza, ili aliyelala asihisi. Panya hana dawa hiyo pumzini. Miguu ya wengi wa hao ilikwisha kufa ganzi kabla panya hajafika, na hakuna kuchuliwa kungeirudisha. Kliniki hupima kwa kiuzi cha nailoni kinachopinda kikisukumwa kwa nguvu ya gramu 10: mgonjwa anafumba macho, kiuzi kinagusishwa unyayoni sehemu kadhaa, naye anasema "ndiyo" kila anapokihisi. Asiyekihisi huambiwa akague nyayo zake kila siku na akung'ute viatu kabla ya kuvivaa.